Nimemwokota mbwa jike mwenye watoto saba wachanga: nianzie wapi?

"Daktari, shikamoo. Naishi pembeni ya mji wa Arusha. Juzi nilimkuta mbwa koko jike nyuma ya ghala la mahindi, amekonda hadi mbavu zinahesabika, ana watoto saba ambao vitovu vilikuwa havijadondoka. Nimewahamishia stoo. Usiku baridi ni kali mno Julai hii, kwa hiyo tunaingiza jiko la mkaa kwa muda kisha tunalitoa. Watoto wawili ni wadogo kuliko wenzao na wanalia sana. Jirani anasema niwape maziwa ya ng'ombe kwa bomba la sindano. Mama yao ananguruma nikisogea, na anatokwa na uchafu wa kijani wenye damu. Amejaa viroboto, na kuna mtu kanipa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nina watoto wadogo wawili hapa nyumbani na naogopa kichaa cha mbwa. Mama mkwe anasema mbwa wakifika mwezi mmoja niwagawe. Nifanye nini kwanza?"

Marahaba, na pole kwa kukesha.

Umeuliza mengi kwa mkupuo, lakini chini ya yote naiona hofu moja: kwamba usipoingilia haraka, hao wawili wadogo watakufa. Hofu hiyo ina msingi, maana wiki ya kwanza ndiyo ya hatari kuliko zote kwa mtoto wa mbwa. Tatizo ni kwamba karibu kila ushauri uliopewa unamruka mama na kukimbilia watoto. Kwangu mimi mgonjwa wa kwanza ni yule jike. Akishiba, asipokuwa na homa, na akitulia, atawapa watoto joto, maziwa, kinga na usafi usiku na mchana, kazi ambayo binadamu akiibeba peke yake kwa watoto saba huzidiwa mapema sana. Yako ni kumwezesha yeye, kulinda joto la mahali walipolala, na kupima uzito. Mengi ya unayotaka kuongeza juu ya hayo yanaweza kusubiri, na machache yasifanyike kabisa.

Jiko litoke leo na lisirudi. Mkaa unaowaka chumbani hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi inayoshika nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kuliingiza na kulitoa hakukuokoi, kwa sababu hewa hiyo hubaki stoo mara tu unapofunga mlango kuzuia baridi. Watu wazima hufa hivyo kwenye mikoa yetu ya baridi, sembuse kiumbe cha gramu 300. Na mtoto wa mbwa aliyelegezwa na hewa hiyo utamtazama ukadhani ameshiba na kulala.

Hata hivyo hukukosea kuhangaikia baridi. Mtoto wa mbwa huzaliwa hawezi kutetemeka, hana mafuta ya maana chini ya ngozi, na kwa wiki mbili hivi joto la mwili wake hufuata joto la mahali alipo. Ukimpima kwenye njia ya haja kubwa kwa kipimajoto cha dijitali cha duka la dawa, ncha ikiwa imepakwa mafuta na kuingizwa kidogo tu, wiki ya kwanza utakuta nyuzi 35 hadi 37. Mbwa mzima ana 38 hadi 39.2. Mtoto akishuka chini ya 34.5 hivi, hupoteza nguvu ya kunyonya, utumbo huacha kusukuma chakula, na mama humsukuma pembeni kwa sababu mwili uliopoa haumwambii kwamba kuna mtoto hai. Watu wakiona ametengwa husema mama ana roho mbaya. Mara nyingi baridi ilitangulia, kutengwa kukafuata.

Sasa fikiria maziwa ya jirani yakimiminwa kwenye tumbo la mtoto wa namna hiyo. Hayasagwi. Hukaa tumboni yakachacha na kumvimbisha, au hurudi juu yakaingia kwenye mapafu, na nimonia ya hapo huua ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo mtoto uliyemkuta wa baridi, apashwe moto kwanza, na polepole: mweke ndani ya nguo zako kifuani, ngozi kwa ngozi, umgeuzegeuze kwa muda wa saa moja hadi mbili. Usimzamishe kwenye maji ya moto wala kumbandika kwenye chupa isiyofungwa kitambaa. Ngozi yake huungua kabla mwili haujapata moto ndani. Wakati anapata moto, mpake tone la maji ya sukari au glukosi kwenye fizi kwa kidole, umpake tu, usimmiminie. Akianza kutafuta-tafuta kwa mdomo na joto limevuka 35.5, mpeleke kwenye ziwa.

Mahali pa kulala pawe hivi. Boksi la mbao la sentimita 120 kwa 100 linamtosha jike wa kilo 15 kujinyoosha. Kuta tatu ziwe na urefu wa sentimita 40, ukuta wa mbele 15 tu ili atoke bila kukwangua matiti. Ndani, zungusha mti au ubao mwembamba kwenye kuta, juu ya sakafu sentimita 10 na mbali na ukuta sentimita 8 hadi 10. Mti huo ndio unaookoa mtoto aliyejikuta nyuma ya mgongo wa mama anapojilaza. Bila huo hubanwa ukutani na hana nguvu ya kujitoa. Sakafu ya saruji hunyonya joto, kwa hiyo tandika maboksi ya karatasi yaliyokunjuliwa tabaka mbili tatu, magazeti juu yake, kisha taulo au blanketi zito lililokazwa vizuri. Kanga na mashuka mepesi hayafai, watoto hujifukia humo mama akawalalia bila kuwaona. Machujo ya mbao nayo yaache, vumbi lake huingia puani na hunata kwenye vitovu vibichi.

Joto lipatikane kwenye kona moja tu. Jaza chupa mbili za plastiki za lita moja na nusu maji ambayo mkono wako unayavumilia bila kushtuka, zifunge ndani ya soksi nzito au taulo, na ubadilishe kila baada ya saa tatu hivi. Chupa iliyopoa iondoe, maana inawanyang'anya joto. Kama umeme unatulia, taa ya kulelea vifaranga ya rangi nyekundu ni bora zaidi, ikining'inizwa kwa mnyororo imara sentimita 60 au zaidi juu yao. Taa za LED hazina joto la kukusaidia. Weka kipimajoto cha chumba pale watoto walipo, kwenye usawa wao. Kona yenye moto ilenge nyuzi 28 hadi 30 wiki hii ya kwanza, kisha ushushe kidogo kila wiki. Kona ya pili ibaki ya kawaida ili mama asihemewe akawahama. Watoto wenyewe watakuambia: wakilundikana juu kwa juu na kulia ni baridi, wakitawanyika kila mmoja na kona yake wakihema ni joto kali, wakilala wamegusana huku wakishtukashtuka usingizini wako salama. Huko kushtuka si degedege, ndivyo mtoto mchanga wa mbwa anavyolala. (Wasomaji wa Dar, Tanga na Mombasa msiige chupa na taa mchana. Kwenu shida kubwa zaidi ni stoo ya bati inayochemka saa nane.)

Nunua au azima mzani wa dijitali wa jikoni, kwa sababu kilio hakikuambii kitu cha uhakika, gramu zinakuambia. Pima kila mtoto kila siku saa ileile, ndani ya bakuli lenye kitambaa, uandike. Kuwatofautisha, paka rangi ya kucha kwenye ukucha wa mguu tofauti kwa kila mmoja; uzi shingoni hukaba, maana watoto hukua ndani ya siku. Jike wa ukubwa wa mbwa wetu wa mtaani huzaa watoto wa gramu 250 hadi 400. Mtoto anayenyonya vizuri huongeza asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake kila siku, na akifika siku 10 hadi 14 uzito wa kuzaliwa umekuwa maradufu. Mwenye gramu 300 leo, kesho awe 315 au zaidi. Asipoongeza kabisa kwa saa 24, mwangalie kwa karibu. Akipungua baada ya siku ya pili ya maisha yake, fanya jambo siku hiyohiyo.

Na jambo la kwanza kwa wale wawili ni nafasi, kabla ya kufikiria bomba. Matiti ya nyuma ndiyo kwa kawaida yenye maziwa mengi zaidi, na wakubwa huyateka. Mara nne au tano kwa siku, toa wakubwa watatu au wanne uwaweke kwenye boksi dogo lenye chupa ya moto kwa dakika 20, uwaweke wadogo nyuma, ukamue tone kwenye chuchu walisikie. Fungua pia midomo yao utazame kaakaa kwa tochi. Mwenye ufa kaakaani huvuta hewa na maziwa humtoka puani, na huyo ni wa daktari. Hakuna hila ya nyumbani itakayomsaidia.

Kama baada ya siku nzima ya kuwapa nafasi bado hawaongezi, hapo maziwa ya nyongeza yana hoja. Maziwa ya ng'ombe peke yake hayafai, na ya mbuzi, pamoja na sifa zake, hayako mbali na ya ng'ombe. Maziwa ya mbwa yana protini na mafuta zaidi ya mara mbili ya yale ya ng'ombe, na sukari ya maziwa iko chini. Ukimpa mtoto ya ng'ombe matupu, anajaa tumbo bila kupata nguvu, na sukari asiyoweza kuimeng'enya inamharisha. Kliniki za wanyama za mijini baadhi huuza unga wa maziwa ya watoto wa mbwa. Ulizia huo kwanza. Ukikosa, kwa siku moja au mbili za dharura changanya kikombe kimoja (mililita 240) cha maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa na kupoa, viini vitatu vya mayai bila ute mweupe, na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia. Chuja, weka kwenye friji, na tupa kilichobaki baada ya saa 24.

Pasha kinachotakiwa hadi kiwe vuguvugu kwenye kifundo cha mkono. Kiasi ni mililita 4 kwa kila gramu 100 za uzito kwa mlo mmoja. Mwenye gramu 250 apate mililita 10, kila baada ya saa tatu kama hanyonyi kabisa, na mara tatu au nne tu kwa siku kama ananyonya kidogo. Mtoto alale kifudifudi kama anavyonyonya kwa mama, kichwa kikiinuka kidogo. Kumlaza chali kama mtoto wa mtu ndiyo njia fupi ya maziwa kuingia mapafuni. Tumia chupa ndogo yenye chuchu, au bomba la mililita 5 lisilo na sindano, tone kwa tone, ukingoja ameze. Yakitoka puani, simama. Asiyenyonya wala kumeza asimiminiwe kitu. Daktari anaweza kupitisha mpira hadi tumboni, na kuna kipimo cha urefu wa mpira huo ambacho sitaki ukibahatishe nyumbani. Ukimaliza, mrudishe kwa mama amlambe chini ya mkia. Wiki mbili tatu za kwanza mtoto hakojoi wala hapati choo bila kulambwa. Mama asipolamba, futa hapo kwa pamba yenye maji ya vuguvugu hadi mkojo utoke.

Nirudi kwa mama, maana huku kote ni kuziba mapengo. Jike wa kilo 15 anayenyonyesha watoto saba anahitaji karibu mara tatu ya chakula cha mbwa wa kawaida, na mahitaji hupanda hadi wiki ya tatu na ya nne. Ila huyu amekaa na njaa. Ukimmwagia sinia la chakula leo, ataharisha, na mwili uliozoea njaa ukipokea wanga mwingi ghafla huvuruga chumvi za damu kwa namna inayoweza kumuua. Siku mbili za kwanza mpe milo midogo sita: uji mzito wa dona wenye dagaa waliopondwa na yai lililochemshwa, kama kikombe kimoja na nusu kila mlo. Ongeza taratibu. Kufikia mwisho wa wiki awe anamaliza kwa siku nusu kilo ya unga (upimwe kabla ya kupika), gramu 200 za dagaa wakavu walioshwa mchanga, mayai mawili na vijiko vitatu vya mafuta, katika milo minne. Wiki ya tatu ongeza kama robo ya hapo. Ukimudu chakula kikavu cha watoto wa mbwa, akikizoea kidogo kidogo kwa muda uleule, gramu 600 hadi 900 kwa siku ndizo zitakazomfikisha, na ni rahisi kuliko kupika. Vitunguu vya aina zote viache kabisa kwenye mboga yake. Maji yawe mengi na karibu. Atakunywa kuliko ulivyozoea kuona, na maji yakikosekana maziwa hupungua siku hiyohiyo.

Dagaa nawataja kwa sababu. Huliwa na mifupa yao, na humo kuna kalsiamu ambayo utumbo, nyama na ugali havina ya kutosha. Jike akivuta kalsiamu yote kwenye maziwa kuliko anavyoipata, kuanzia wiki ya kwanza hadi ya nne anaweza kupata homa ya maziwa: anahema kwa kasi, hatulii, anatembea kama miguu ya mbao, misuli inatetemeka, kisha degedege na joto la mwili kupita nyuzi 40. Hiyo ni dharura ya kuhesabu saa, si siku. Mtenge na watoto, mkimbize kwa daktari apewe kalsiamu kwenye mshipa polepole huku moyo ukisikilizwa. Mtu asimdunge kalsiamu ya ng'ombe kwa kukisia.

Uchafu wa kijani uliouona ni wa kawaida. Rangi hiyo hutoka kwenye kondo la nyuma, na katika siku zijazo itageuka kahawia nyekundu, ikipungua kwa wiki tatu hadi sita. Kinachotakiwa kukushtua ni harufu ya kuoza, usaha, damu mbichi inayotiririka, au joto kuzidi 39.5 huku akikataa chakula na kuwasahau watoto. Hapo pengine kondo au mtoto aliyekufa amebaki ndani, na mji wa mimba umeoza. Kila siku wakati anakula, pitisha mkono kwenye matiti yote. Yawe laini na ya vuguvugu. Titi gumu, la moto, lenye rangi ya zambarau na maziwa yenye usaha au damu linahitaji dawa leo, kabla halijapasuka.

Apelekwe kwa daktari wa mifugo ndani ya siku mbili hata kama dalili hizi hazipo, watoto wakifuatana naye kwenye boksi lenye chupa ya moto. Omba apimwe joto, tumbo, matiti na rangi ya fizi; fizi nyeupe kwa mbwa mwenye kupe na viroboto zinadai kipimo cha damu. Ukiwa huko, au akija ofisa mifugo wa kata nyumbani, sema mapema kwamba ananyonyesha. Sindano ya oksitetrasaiklini hutolewa kwa urahisi mno mitaani, na dawa hiyo hupita kwenye maziwa na kushika kwenye meno na mifupa inayokua. Ziko antibiotiki za jamii ya penisilini zinazofaa zaidi, uliza. Diklofenaki na paracetamol za watu zisimkaribie.

Kunguruma sasa. Jike anayenguruma ukisogelea kiota, lakini anakula mkononi au anatikisa mkia akiwa nje, anafanya kazi yake. Usimkemee. Mwite nje kwa chakula, funga mlango, kisha shika watoto kwa haraka. Akirudi awakute wote. Hatawakataa kwa kunusa mkono wako, hayo ni maneno ya mtaani tu. Siku za mwanzo apelekewe chakula na mtu mmoja yuleyule, stoo iwe na giza kidogo na kimya. Wageni wa kuja kuona watoto wasiingie kabisa: mbali na kumtia wasiwasi hata akawahamisha au kuwadhuru, viatu vyao huleta parvo, virusi vya kuharisha vinavyoua watoto wa mbwa na hukaa kwenye udongo miezi mingi.

Kuhusu kichaa cha mbwa nitakuwa mkali, kwa sababu ugonjwa huo upo Tanzania na dalili zikishaanza kwa mtu hakuna tiba. Hujui historia ya mbwa huyu, na virusi huweza kukaa mwilini wiki hadi miezi kabla ya dalili, kwa hiyo kuonekana mzima hakukupi uhakika. Mwombe daktari amchanje siku hiyohiyo. Chanjo ya virusi vilivyouawa kwa kawaida haimzuii kunyonyesha, naye ataamua kulingana na alivyokonda. Watoto wako wasiingie stoo bila wewe, na kwa wiki za mwanzo wasiingie kabisa. Yeyote aking'atwa, akikwaruzwa, au akilambwa penye kidonda, osha hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kuanza chanjo. Mbwa asiuawe, afungiwe aangaliwe siku 10. Akibaki mzima daktari wa binadamu anaweza kusitisha sindano zilizobaki, lakini kuanza hakungojei siku hizo. Dalili za kweli ni tabia kugeuka ghafla, udenda mwingi, taya kulegea, sauti kubadilika, kushindwa kumeza, kung'ata vitu visivyomchokoza.

Dawa ya kuogeshea ng'ombe mrudishie aliyekupa. Mama ataramba, watoto watanyonya kwenye ngozi iliyopakwa, na ini lao bado halijui kusafisha sumu. Sindano ya ivermectin ya ng'ombe ni vivyo hivyo: imekolezwa kwa mnyama wa mamia ya kilo, na ubongo wa mtoto mchanga hauna kinga dhidi yake. Ila viroboto usiwadharau, wakizidi hunyonya damu ya mtoto hadi fizi zinageuka nyeupe. Tumia kitana chenye meno membamba na bakuli la maji yenye sabuni ya kuoshea vyombo, uwazamishe humo mmoja mmoja. Badilisha matandiko kila siku mbili, yachemshe. Kwa mama, daktari ana dawa zinazokubalika akiwa ananyonyesha.

Matandiko hayo yapigwe pasi pande zote. Yakianikwa nje yakiwa mabichi, kuna nzi anayetaga kwenye nguo na udongo wenye unyevu au mkojo, na funza wake hujichimbia kwenye ngozi ya mtoto na kuota kama jipu lenye tundu. Ukimkuta, paka mafuta mazito ya mgando juu ya tundu dakika 20 hadi akose hewa, kisha mbinye taratibu atoke mzima. Siafu nao hawana mzaha: huingia usiku, na mtoto asiyeona hawezi kukimbia. Inua boksi juu ya matofali manne, kila tofali likae ndani ya kopo lenye maji na sabuni.

Minyoo huwapata watoto kabla hawajazaliwa na kupitia maziwa, hivyo hata stoo safi haiwakingi. Wakifika wiki mbili wapewe pirantel, miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito, na kurudia kila baada ya wiki mbili hadi wiki ya nane. Mama apewe dawa yake siku zilezile. Mtoto wa gramu 700 anahitaji miligramu 3.5, kiasi kidogo mno kwa kijiko, kwa hiyo pima kwa bomba la mililita moja baada ya kusoma chupa ina miligramu ngapi kwa mililita. Kinyesi kizolewe kila siku, na watoto wa nyumbani wanawe mikono, maana mayai ya minyoo hiyo huwadhuru na wao. Kama nyumbani mna wanaoswali, nguo na ndala za stoo ziwe zake peke yake na zibaki huko mlangoni. Itawapunguzia wasiwasi wa najisi na wakati huohuo itazuia magonjwa.

Mwezi mmoja ni mapema mno, mama mkwe anisamehe. Macho hufunguka siku ya 10 hadi 14, masikio wiki ya tatu, na kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili ndipo mbwa hujifunza watu na wenzake. Katika wiki ya tano hadi ya nane wanang'atana, mmoja analia, mwingine analegeza. Anayetolewa kabla ya hapo mara nyingi huwa mng'ataji. Uanze kuwapa uji laini wa chakula kwenye sinia wakifika wiki tatu na nusu, chanjo ya kwanza ya parvo na homa ya mbwa wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa kila wiki tatu au nne hadi wiki ya kumi na sita, na waondoke wakitimiza wiki nane, ambayo kwako ni mwanzoni mwa Septemba.

Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na halmashauri nyingi huchanja mbwa bure karibu na siku hiyo. Ulizia mapema ofisi ya mifugo ya kata yako, na waliochukua watoto uwape tarehe hiyohiyo. Wakati huo maziwa ya mama yatakuwa yamekauka, kwa hiyo panga na daktari amfunge kizazi mwishoni mwa mwezi huo. Akibaki bila kufungwa atarudi kwenye joto miezi michache baadaye, na mimba ya mbwa ni siku 63 tu.